Mhariri, aliyeingia nani na aliyetoka nani?

Mhariri salaam, natumaini wewe na wenzako hapo ofisini mko salama. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi huku Tanga, gazeti naanza kulisoma kutokea nyuma kama wanaume wengi wa mtaa huu, yaani michezo kwanza alafu ndo siasa alafu matangazo ya viwanja. Leo naandika kwa ajili ya neno moja tu la kiingereza, 'substitute', ambalo waandishi wenu wanalitafsiri karibu kila siku, na karibu kila siku sisi hapa kijiweni tunabishana wamemaanisha nini.

Juzi kwenye habari ya mechi ya ligi mmeandika kwamba kiungo mmoja "alibadilishwa kwa" mshambuliaji mmoja dakika ya 70. Majina nayaacha, wachezaji hawana kosa. Kijiwe kikagawanyika hapo hapo, kuna waliosema kiungo ndo katoka, kuna waliosema hapana, kiungo alianzia benchi kwahiyo ndo kaingia, mpaka kijana mmoja ikabidi aingie kwenye simu atafute video tuone kwa macho. Sasa mhariri, mtu amenunua gazeti ili apate habari ya mechi alafu habari yenyewe lazima aithibitishe kwenye simu, gazeti limemsaidia nini?

Kuna atakayeniambia mpira ni mpira tu, aingie huyu atoke yule hakuna atakayekufa. Ningesema hivyo hivyo kama yasingenikuta mwenyewe.

Mama yangu ana presha, miaka mingi sasa. Katika hiyo miaka ameshatumia dawa tofauti, losartan aliwahi kupewa zamani, baadae akahamishiwa amlodipine, na hiyo amlodipine ikaanza kumvimbisha miguu, jioni viatu haviingii. Dada yangu ndo anakaa nae, akampeleka hospitali, wakamuona, dawa zilikuwa hazipo dirishani siku hiyo wakaambiwa wakanunue nje, wakapewa karatasi. Dada akaipiga picha akanitumia mimi kwa sababu mimi ndo ninayehesabika kwamba kiingereza nakijua. Karatasi imeandikwa kwa kiingereza, mstari mmoja: losartan substituted for amlodipine. Nikausoma mara mbili. Nikampigia dada nikamwambia wameandika losartan imebadilishwa kwa amlodipine, maana yake ile losartan ya zamani ndo iliyoondolewa, endeleeni na amlodipine kama kawaida, naona wamerekodi tu historia yake.

Ilikuwa kinyume. Kwa kiingereza chao ule mstari unasema losartan iingie, amlodipine itoke. Mama akaendelea kumeza dawa ambayo daktari ameshaitoa, wiki tatu nzima, miguu inazidi kujaa, anakaa ameiweka juu ya stuli, mpaka tarehe ya kliniki ilipofika daktari akashangaa akauliza kwanini bado anatumia hii. Dada akasema kaka ndo alituambia. Nashukuru Mungu mama yupo na miguu imerudi hali yake, lakini ile "kaka ndo alituambia" haijanitoka. Na kile nilichokifanya mimi kwenye ile karatasi ndo hicho hicho anachokifanya mwandishi wenu kwenye mechi, tofauti ni kwamba yeye anachanganya wachezaji.

Baada ya hapo nikaanza kulifuatilia hili neno, nikawauliza walimu, nikapekua kamusi, nikasoma habari za mpira za huko Uingereza kwa makini ya mtu aliyeumwa na nyoka. Nilichokiona ni hiki. Neno lenyewe asili yake ni kilatini, maana yake ni kusimamisha kitu chini ya kingine au mahali pa kingine. Kwenye kiingereza cha vitabuni, ukisema 'substitute A for B', A ndo anayeingia na B ndo anayeondoka. Hiyo ndo njia ya zamani na ndo njia ile karatasi ya mama iliyofuata. Alafu kuna njia nyingine, 'substitute B with A', ambapo mpangilio umegeuka, anayetajwa kwanza ndo anayeondoka, na hii wako walimu wa kiingereza wenyewe wanaoikataa wanasema hapo tumia 'replace', ila watu wanaiandika kila siku. Kwahiyo kwenye lugha yao wenyewe neno ni lile lile na anayetoka anaweza kuwa wa mbele au wa nyuma, kinachomtambulisha ni kale kaneno kadogo cha katikati, 'for' au 'with'.

Sasa tazama tunavyokafanya kale kaneno sisi. 'For' tunaiita kwa. 'With' nayo mara nyingi tunaiita kwa, au na. Yaani kile kitu pekee kilichokuwa kinamuonyesha msomaji nani anaingia nani anatoka, sisi tukikifikisha kwenye kiswahili tumeshakifuta.

Na hatari haiishii hapo. Kubadilisha kwa kiswahili kuna mwelekeo wake tayari, sio neno tupu linalosubiri kujazwa. Mtu akisema nimebadilisha shati, shati linalotajwa ni lile alilolivua. Akisema nimebadilisha dola kwa shilingi, dola zimemtoka mkononi, shilingi zimeingia mfukoni. Mzee akisema nilibadili mbuzi wangu kwa baiskeli, hakuna mtoto atakayeuliza mbuzi yuko wapi. Kwetu kinachotajwa mwanzo kinaondoka, kinachokuja baada ya kwa ndo kinachobaki. Na 'substitute A for B' ni kinyume kabisa, A anayetajwa mwanzo ndo anabaki. Kwahiyo ukihamisha neno kwa neno umegeuza habari miguu juu kichwa chini, na sentensi yako bado inasomeka vizuri tu, haina kosa la sarufi, hakuna kitakachokushtua. Mimi nilisoma mara mbili na sikushtuka.

Kwenye mpira imezidi kuchanganyika kwa sababu mpira una kiingereza chake. Kubadilisha wachezaji kwenye ligi ya Uingereza kulianza msimu wa 1965/66 tu, na mwanzoni ilikuwa mchezaji mmoja na lazima aliyetoka awe ameumia. Wa kwanza kuingia kwa sheria hiyo ni Keith Peacock wa Charlton Athletic, tarehe 21 Agosti 1965 dhidi ya Bolton Wanderers, kipa wao aliumia dakika za mwanzo tu. Kombe la Dunia lilisubiri mpaka Mexico 1970, na wa kwanza kuingia huko alikuwa Anatoliy Puzach wa Sovieti kwenye mechi ya ufunguzi. Leo timu inabadilisha hadi watano, ambayo ilianza kama jambo la muda wakati wa korona mwaka 2020 na ikabaki. Kwahiyo hebu fikiria mwandishi wa zamani alihitaji maneno mangapi ya kusimulia hayo mambo na wa leo anahitaji mangapi, mechi moja inaweza kuwa na kuingia kumi na kutoka kumi.

Wale waingereza walichofanya, jina wakampa anayeingia na kitenzi wakampa anayetoka. 'Substitute' ni yule aliyekaa benchi, sisi tukamuita sabu, sawa. Lakini wakiandika mchezaji 'was substituted' wanamaanisha ametolewa. Mfano mzuri ni Chelsea na Southampton, Oktoba 2015, kocha wa Chelsea Mourinho alimuingiza kiungo wake Matić kipindi cha pili alafu akamtoa kabla mechi haijaisha. Kwa kiingereza mtu huyo mmoja ni 'substitute' na pia 'was substituted', na hawaoni tabu kwa sababu wao wameshazoea kwamba jina linaangalia huku na kitenzi kinaangalia kule. Kwa kiswahili ukiandika "sabu alifanyiwa sabu" umemuacha msomaji njia panda.

Tuchukue mtu ambaye huku Afrika Mashariki tunamuhesabu kama wa kwetu, Divock Origi, mshambuliaji aliyechezea Ubelgiji na Liverpool, baba yake Mike Okoth ni mkenya aliyecheza Harambee Stars. Origi ameingia kwenye historia mara mbili akitokea benchi. Kombe la Dunia 2014 kule Maracanã, Ubelgiji na Urusi, aliingia akatoka Lukaku, akafunga dakika ya 88. Fainali ya Ligi ya Mabingwa 2019 kule Madrid, Liverpool na Tottenham, akaingia akatoka Firmino, akafunga la pili dakika ya 87. Sasa andika "Origi alibadilishwa kwa Lukaku". Kwa jinsi mzee wa mbuzi na baiskeli anavyozungumza, umesema Origi katoka Lukaku kaingia, na goli la dakika ya 88 limefungwa na mtu ambaye umeshamtoa uwanjani! Mtu aliyeangalia mechi atakuelewa kwa sababu anajua tayari. Lakini gazeti tunamuandikia nani, aliyeangalia au ambaye hakuangalia?

Nilimpelekea hili jambo maalimu wa chuo cha mtaani kwetu, nikidhani ni shida ya kiingereza peke yake. Akacheka akaniambia hata kwenye kiarabu ipo, na ndo kulikotoka neno letu badala. Kiarabu kina herufi ba inayoshikishwa kwenye kimoja kati ya vitu viwili vinavyobadilishwa, na kanuni ya kale ni kwamba ba inaingia kwenye kinachoachwa. Akanikumbusha Suratul Baqara aya ya 61, pale watu wa Musa walipochoka na chakula cha aina moja wakaomba dengu na vitunguu, na Musa akawauliza kwa mshangao kama kweli wanataka kuchukua kilicho duni wakiache kilicho bora. Ile ba imekaa kwenye kilicho bora, yaani kile wanachokiacha. Akasema waarabu wa leo wengi wanaandika kinyume, ba wanaiweka kwenye kinachochukuliwa, na maulamaa wa lugha wanawakemea mpaka wamechoka. Nilipata faraja kidogo kujua kwamba sio mimi peke yangu, ila pia niliogopa, maana kama lugha mbili kubwa hivyo zimejikwaa hapa hapa, basi hapa pana shimo la kweli na sisi tunapita na gazeti usiku bila taa.

Na kinachoniuma zaidi mhariri ni kwamba kiswahili kina taa. Tuna badala ya. Hii haijawahi kumpoteza mtu, kwa sababu imefungwa kwa yule asiyekuwepo. Chai ya tangawizi badala ya kahawa, kahawa haipo. Origi badala ya Lukaku, Lukaku hayupo. Igeuze utakavyo, ianzishe sentensi au imalize, "badala ya Lukaku akaingia Origi", maana inabaki pale pale. Laiti ningemwambia dada "losartan badala ya amlodipine", maneno manne tu, mama asingekaa wiki tatu na stuli.

Alafu kuna neno ambalo watangazaji wa redio wanalitumia na mimi nalipenda sana, kumpisha. Fulani anatoka kumpisha fulani. Hapo una mtu anayeondoka, una mtu anayekuja, na una heshima ndani yake, kama mtu anavyompisha mwenzie mlangoni. Hilo halitafsiriki kwenda kiingereza kwa neno moja na sijaona kwanini waandishi wa gazeti wanaliacha redioni. Redio kwa ujumla nawapongeza, "anaingia namba tisa anatoka namba kumi na moja", basi, hata bibi aliyeko jikoni anaelewa. Hata kile kibao anachoinua mwamuzi wa akiba pembeni ya uwanja kina rangi mbili, nyekundu kwa anayetoka na kijani kwa anayeingia. Wenye mpira wao wenyewe wameona neno peke yake halitoshi.

Tena kiswahili kinapambanua mambo ambayo 'substitute' inayafunika yote kwa blanketi moja. Kwenye daladala dereva mwenyewe akiugua anaendesha deiwaka, na kila mtu kuanzia konda mpaka abiria anajua huyu ni wa leo, gari lina mwenyewe. Ukisema dereva amebadilishwa hiyo ni habari nyingine kabisa, mtu kapoteza kazi. Ofisini kuna kaimu na kuna naibu, kaimu anashika kiti ambacho mwenyewe hayupo, naibu yupo na mkubwa wake yupo. Kwenye gari tuna tairi la spea. Kwenye timu tuna mchezaji wa akiba, na akiba haimaanishi kibovu, akiba ni kile ulichokiweka kwa siku ya shida. Na wazee walishaona kwamba kuna kushika nafasi kwa kulazimika tu, wakasema ukikosa la mama hata la mbwa huamwa. Kila kimoja hapo kina uzito wake, na mtu aliyekulia kwenye lugha hii hawezi kuvichanganya, sasa tunavitupa vyote tunabaki na "alibadilishwa" kwa sababu mwandishi ameona neno moja kwenye taarifa ya shirika la habari la nje akakimbilia tafsiri moja.

Na mbadala nayo naomba iangaliwe, ingawa najua imeshaenea mno. Tunasema nishati mbadala, tunasema tiba mbadala, hii ya tiba ipo mpaka kwenye sheria ya mwaka 2002 ya tiba asili na tiba mbadala, kwahiyo siombi ifutwe. Ninachoomba ni mtu akisema mbadala aseme mbadala wa nini. Mbadala wa mkaa, sawa, nimejua mkaa ndo unaotakiwa kuondoka. Dawa mbadala, mbadala wa ipi? Niache ya hospitali au niongeze hii juu yake? Mgonjwa anayesoma gazeti lako ana haki ya kujua kabla hajakunja ukurasa, na mimi hili nalisema nikiwa na sababu.

Najua mtaniambia mwandishi ana dakika kumi kabla ukurasa haujafungwa, taarifa imekuja kwa kiingereza, anatafsiri huku simu inaita. Naelewa, mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama kituo cha basi niliposoma ile karatasi. Lakini kwenye hiyo haraka hiyo hiyo "alitoka" na "aliingia" ni mafupi kuliko "alibadilishwa kwa". Hakuna muda unaopotea hapo.

Kwahiyo ombi langu kwenu ni dogo. Mkitaja mabadiliko ya mchezaji, tajeni kutoka na kuingia, au badala ya, au kumpisha, yeyote atakayependa mwandishi. "Alibadilishwa kwa" na "alibadilishwa na" ziacheni kabisa kwenye kurasa za michezo, na kwenye kurasa za afya ndo zaidi, huko naomba kama mtoto anayemuombea mama yake. Na kama kuna daktari au mfamasia anasoma barua hii, tafadhali, mkiandika karatasi ya kwenda nyumbani kwa mgonjwa andikeni kwa kiswahili, acha hii, anza hii, itatosha, maana anayeisoma sio daktari mwenzenu, ni dada yangu.

Pale kwa mama sasaivi kuna vikopo viwili kwenye kabati. Kimoja dada amekibandika karatasi ameandika kwa kalamu nyekundu ANAMEZA HII. Kile kingine alitaka kukitupa nikamwambia kwanza akirudishe kliniki, akakifunga kwenye mfuko akaandika IMETOKA.

Msomaji wenu,
Tanga